Sayansi ya Makombo

Mwaka 2001 nilikuwa nakaa kaunta katika kafe moja ya intaneti mjini Tanga. Chumba kirefu, kompyuta tisa, feni mbili, na karatasi ukutani niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: NUSU SAA SH 500. MIHOGO HAIRUHUSIWI. Hilo la mihogo lina historia yake, na kibodi ya kompyuta namba nne ndiyo shahidi. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa aliyoingia mteja, kumsaidia aliyesahau neno lake la siri, na kumwambia aliyemaliza muda kwamba amemaliza. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotaka ujasiri.

Intaneti tuliivuta kwa dishi lililofungwa juu ya paa. Nyaya za baharini zilikuwa bado. Ule wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kwa hiyo imeili ya mtu wa Chumbageni kwenda kwa shemeji yake wa Ngamiani ilipanda kwanza karibu kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti, ikashukia ng'ambo, ikatafuta seva yake huko, kisha ikarudi kwa safari ileile. Mteja hayo hakuyajua. Alichojua ni kwamba ukurasa unafunguka polepole, kama pazia linalovutwa na mtu mwenye usingizi.

Asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri, watu walikuwa hakuna. Kompyuta tisa zinawaka, viti tisa vitupu. Bosi hakutaka zizimwe, kwa sababu kuwasha moja tu kulichukua dakika tano, na mteja akiona skrini nyeusi anadhani kompyuta ni mbovu na kuvuka barabara kwenda kwa washindani wetu. Hizo ndizo saa nilizozurura. Sikuwa nasoma chuo, hakuna aliyenipa kazi ya kuandika, sikutumwa na mtu. Nilibonyeza tu kiungo kimoja, kikanipeleka kwa kingine.

Katika kuzurura huko nikafika Cambridge, Uingereza, kwenye ukurasa wenye picha moja ndogo, si kubwa kuliko stempu mbili zilizobandikwa pamoja. Ndani ya picha: mashine ya kuchujia kahawa na jagi lake la kioo. Nikasubiri. Picha ikajibadilisha. Mashine ileile, jagi lilelile. Nikamwita dada niliyekuwa napokezana naye zamu aje aone. Akaitazama kwa makini, akauliza, "Inauzwa?"

Haikuwa ikiuzwa, wakati huo. Ilikuwa mashine ya kahawa ya maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, nje kidogo ya chumba walichokiita Trojan Room. Watafiti walikuwa wengi na mashine ilikuwa moja. Waliokaa ghorofa nyingine waliteremka ngazi na vikombe mkononi, wakakuta jagi limekauka. Mwaka 1991 wawili kati yao, Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky, waliielekezea kamera na kuandika programu ya kumwonyesha kila mtu mezani kwake kama kahawa ipo. Picha ilijibadilisha kama mara tatu kwa dakika na haikuwa na rangi. Stafford-Fraser alieleza baadaye kwamba haikuwa taabu, kwani jagi lenyewe lilijaa polepole na kahawa yenyewe ilikuwa ya kijivu. Novemba 1993 wenzao Daniel Gordon na Martyn Johnson wakaiunganisha na wavuti, na hapo dunia nzima ikawa inaweza kuchungulia jagi la watu. Ndiyo kamera ya kwanza ya wavuti. Simu za video tunazopigiana leo na ndugu walioko Muscat au Minneapolis zina babu, na babu huyo ni mvivu wa kupanda ngazi.

Mtu wa pwani akiisikia hadithi hii hucheka kwa sababu yake mwenyewe. Kwetu muuza kahawa ndiye anayekufuata. Amebeba dele lake juu ya jiko la makaa, anagonganisha vikombe, na wewe barazani unasikia tangu yuko kona ya tatu. Cambridge hawakuwa na mtu wa namna hiyo, ndiyo maana wakalazimika kubuni kamera.

Walihamia jengo jipya, na kamera ikazimwa tarehe 22 Agosti 2001. Kwa saa zetu ilikuwa saa saba kasoro dakika sita mchana. Nilikuwa nimejiandaa kuangalia, ila ikawa ndiyo saa kijana mmoja alitaka kuchapa barua ya kuomba kazi na printa ikatafuna karatasi yake, kwa hiyo picha ya mwisho niliiona baadaye: vidole vya watu vinabonyeza swichi. Mashine ile, wakati huo mbovu tayari, iliwekwa kwenye mnada wa mtandaoni na kununuliwa kwa pauni 3,350 na gazeti la Kijerumani la Spiegel Online. Yule dada aliuliza mapema kidogo tu.

Wataalamu wa mtandao wa enzi hizo walikuwa na utani wao. Tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter alichapisha waraka rasmi kabisa kwa sura, wenye namba yake 2324, unaoeleza jinsi ya kuamrisha mashine za kahawa kupitia mtandao. Ndani yake mna msimbo wa kosa namba 418, ambao kifaa hujibu pale kinapoombwa kutengeneza kahawa ilhali chenyewe ni buli la chai. Kuna seva mpaka leo zinazojibu hivyo. Mwaka huohuo kampuni ya saa ya Swatch ilitangaza saa ya intaneti: siku nzima imegawanywa vipande 1,000, kila kimoja dakika moja na sekunde 26.4, bila kujali uko nchi gani, ikianzia usiku wa manane wa kule Biel, Uswisi. Kwa hesabu hiyo kamera ya kahawa ilizimwa @454. Ulaya walilicheka wazo hilo. Mimi nililielewa haraka, maana nilikuwa na wateja waliokubaliana na mtu wa London kuchati "saa mbili usiku" na kila mmoja akakaa peke yake kwenye saa mbili yake. Ila Waswahili tuna saa yetu inayoanza jua linapochomoza, hatukuhitaji nyingine inayoanzia Uswisi.

Hayo ni michezo. Lakini kadiri nilivyozidi kuzurura ndivyo nilivyoona kwamba hata mambo mazito ya wakati ule yalitoka kwenye jungu lilelile: muda uliobaki, mashine iliyokaa bure, mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Makombo.

Chukua habari ya Pentium. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, alikuwa anagawanya moja kwa kila namba tasa pacha na kujumlisha majibu. Pacha ni zile namba tasa zinazopishana kwa mbili tu, kama 11 na 13, au 17 na 19. Kazi isiyo na haraka na isiyomlisha mtu. Alipoongeza kompyuta yenye chipu mpya ya Pentium, majibu yakaanza kutofautiana. Alitumia miezi akijilaumu yeye, programu yake, kila kitu, mpaka akabaki na mtuhumiwa mmoja: chipu haijui kugawanya. Tarehe 30 Oktoba aliwaandikia imeili watu kadhaa akiwaomba wajaribu na wao. Imeili ikasambaa, na katika wiki chache watu wa mataifa mbalimbali walikuwa wanagawanya 4195835 kwa 3145727 mezani kwao. Jibu sahihi ni 1.33382. Pentium ilisema 1.33373.

Sababu yake ni ndogo ya kusikitisha. Ili igawanye haraka, chipu ilikuwa na jedwali la kuangalizia lenye nafasi 1,066 zilizopaswa kujazwa. Tano ziliachwa tupu. Intel, wenye kuitengeneza chipu hiyo, walisema mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. IBM wakapiga hesabu yao na kupata mara moja kila siku 24, wakasimamisha kuuza kompyuta zenye chipu hiyo. Desemba 20 Intel wakakubali kumbadilishia yeyote atakayeomba, na gharama ikafika dola milioni 475. Kwa nafasi tano tupu.

Niliposoma hayo nilitazama kompyuta zetu tisa, zote za mtumba, nikafungua Excel katika moja baada ya nyingine na kuandika hesabu ile. Tisa zote zilijibu sawasawa. Sitaficha, nilihuzunika kidogo. Ningependa tuwe na mgonjwa mmoja.

Nimefika sasa kwenye lile lililonifanya nifikirie kuandika makala hii.

Mnaokumbuka kompyuta za zamani mnakumbuka kwamba ukiiacha bila kuigusa ilianza kuchora mabomba, au nyota zinazokujia usoni. Skriniseva. Yetu ilikuwa mabomba. Asubuhi zisizo na wateja, kompyuta tisa zilikuwa zinachora mabomba yasiyopitisha maji. Ndipo nikakuta ukurasa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, unaosema: badala ya mabomba, tupatie saa hizo, tukutumie kipande cha sauti ya anga, kompyuta yako ikichambue kama mna dalili ya viumbe wengine. Mradi uliitwa SETI@home. Wazo lilikuwa la David Gedye, la mwaka 1995, na ulifunguliwa kwa watu wote tarehe 17 Mei 1999.

Kilichonikamata hakikuwa viumbe. Kilikuwa jinsi kila hatua ya mradi ule ilivyoishi kwa kudandia. Sauti ilitoka kwenye darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, dishi la upana wa mita 305 lililotandikwa ndani ya bonde. Muda wa dishi hilo uligombaniwa na wanafalaki wa kila nchi, na SETI@home hawakuwa na ubavu wa kuuomba wote. Walifunga kipokezi chao pembeni na kusikiliza popote pale darubini ilipokuwa imeelekezwa na wenye zamu. Kama mtu anayening'inia mlangoni mwa daladala: njia si yake, lakini anafika.

Halafu sikiliza hili. Arecibo haikuwa na intaneti ya kutosha. Sauti ya anga ilirekodiwa kwenye kanda za gigabaiti 35, na kila kanda ikijaa ilitiwa kwenye bahasha na kupelekwa Berkeley kwa posta. Nilipolisoma hilo nilicheka mpaka nikamwamsha bosi aliyekuwa amelala kwenye benchi la nje. Mradi mkubwa wa intaneti duniani ulitegemea posta! Sisi wa Tanga tuliokuwa tunapeleka disketi Dar kwa basi la asubuhi kumbe tulikuwa ndani ya sayansi ya kisasa.

Berkeley walizikata kanda hizo vipande vipande. Kila kipande ni sekunde 107 za sauti, theluthi moja ya megabaiti, ambayo dishi letu la paani liliimeza kwa dakika mbili tatu hali ya hewa ikiwa nzuri. Walisikiliza karibu na megahezi 1420, masafa ambayo haidrojeni hutoa yenyewe popote ilipo angani. Haidrojeni ndiyo iliyojaa ulimwenguni kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo walikisia kwamba mwenye kutaka asikike na mgeni atapiga hodi kwenye mlango huo ambao kila mwenye elimu ya nyota anaujua.

Na utajuaje kama mlio ni wa huko juu na si redio ya polisi ya Puerto Rico? Hapa pana ufundi mtamu. Dishi la Arecibo limelala chini, halizunguki, lakini dunia inazunguka. Kituo kilichotulia angani kitaingia kwenye upeo wa dishi taratibu, kitakuwa katikati, kisha kitatoka, safari ya sekunde kama 12. Mlio wake lazima upande na kushuka katika sekunde hizo, kama sauti ya gari la matangazo linalopita mtaani. Mlio wa duniani haupandi na kushuka hivyo. Upo au haupo. Kompyuta zetu zilikuwa zinatafuta mwinuko huo, zikijaribu pia maelfu ya namna mlio unavyoweza kuhamahama masafa kwa sababu ya sayari ya mwenyewe kuzunguka. Kipande kimoja kiliichukua kompyuta yetu zaidi ya siku nzima ya kazi, na skrini yake ilikuwa inachora vilima vya rangi: vyekundu, vya njano, vya kijani. Mabomba yakasahaulika.

Mteja wa kwanza kuuliza alikuwa mzee mmoja, fundi mstaafu wa meli, aliyekuja kila Jumanne na Ijumaa kusoma imeili za binti yake aliyekuwa Muscat. Alisimama nyuma ya kompyuta namba saba, mikono mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii nayo inafanya nini?"

"Inasikiliza, mzee. Inasikiliza kama kuna viumbe huko juu wanaotuita."

Akazitazama rangi kwa muda. "Na huku chini," akasema, "imeshamaliza kusikiliza?"

Sikuwa na jibu, wala hakulingoja. Alikaa namba saba kuanzia siku hiyo, kila mara akiniuliza kabla ya kugusa kipanya kama hatamkatisha mtu maneno.

Bosi naye aligundua, kwa njia ya mabosi. Kompyuta inayofikiri hula umeme kuliko inayochora mabomba, na Luku ilianza kwisha siku mbili kabla ya kawaida yake. Akaniuliza swali moja tu: inalipa? Nikamwambia ukweli kwamba hailipi. Kisha, nikidhani najiokoa, nikamweleza kwamba upo mradi mwingine wa aina hiyo, GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, wa kutafuta namba tasa kubwa. Na kwamba Juni 1999 kompyuta ya mtu mmoja wa Michigan, Nayan Hajratwala, Pentium ya kawaida iliyokuwa inapiga hesabu wakati mwenyewe haitumii, ilipata namba yenye tarakimu 2,098,960 baada ya siku 111, akapewa dola 50,000.

"Dola?"

"Dola."

"Basi weka hiyo."

Ikabidi nimweleze kwamba hiyo zawadi ilishachukuliwa. Iliyobaki ilikuwa ya dola 100,000, lakini kwa namba ya tarakimu zaidi ya milioni 10, na kompyuta zetu zingetumia zaidi ya mwaka kujaribu namba moja tu, ambayo karibu kwa hakika isingekuwa yenyewe. Alifikiri. Akasema niweke kwenye mbili, moja ya mlangoni na moja ya karibu na feni, huenda Mungu akasaidia. Hizo saba nyingine ziliruhusiwa kusikiliza mbingu mpaka saa nne asubuhi tu, kisha mabomba. Huo ndio uliokuwa mgawanyo wa bajeti ya utafiti katika kafe yetu.

Ugunduzi wa makombo ulionivutia kuliko wote, hata hivyo, haukuhitaji umeme wa ziada. Ulihitaji macho.

Desemba 1995 Wazungu wa Ulaya na wenzao wa NASA walirusha chombo kiitwacho SOHO, kikaenda kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, upande wa jua, kulilinda jua usiku na mchana, kama kuna usiku huko. Mojawapo ya vifaa vyake ni kamera yenye kisahani katikati. Kisahani kinaziba jua lenyewe, kama unavyoinua kiganja kumtambua mtu anayekuja kutoka upande wa machweo, na pembeni yake ukaonekana mwanga hafifu unaolizunguka jua. Picha zilipofika chini ziliwekwa kwenye wavuti, bure, karibu zikiwa za moto. Watu wakaanza kuzipanga mfululizo na kuona vidoadoa vinavyolikimbilia jua. Nyota mkia. Nyingi ni ndogo mno, na nyingi hazirudi. Zinakaribia, zinayeyuka, basi. Sehemu kubwa ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa Kreutz, ulioitwa kwa jina la mwanafalaki wa Kijerumani wa karne ya 19. Ni mabaki ya nyota mkia moja kubwa iliyovunjika zamani, na vipande vyake bado vinafuata njia ya marehemu.

Kabla ya hapo, kugundua nyota mkia kulikuwa kazi ya wenye darubini na usiku usio na mawingu. Sasa mtu alihitaji kafe. Ya 1,000 ya SOHO iliripotiwa Agosti 2005 na Toni Scarmato, mwalimu wa sekondari wa Calabria, Italia, ambaye ya 999 pia ilikuwa yake, siku hiyohiyo. Ya 3,000 mwaka 2015 aliiona Worachate Boonplod wa Thailand. Ya 5,000 ilifika Machi 2024. Chombo kilipelekwa kutazama jua. Hakuna aliyekibuni kwa ajili ya nyota mkia, na hakuna chombo kingine kilichowahi kuzikuta nyingi hivyo. Walioziona ni hasa watu wa nje ya fani, waliokaa sebuleni kwao usiku, wakipangua picha.

Nilijaribu. Bila shaka nilijaribu. Januari 2002 nikapakua picha za siku tatu, nikazipanga, na nikaiona: nukta inayong'aa vibaya sana, inakwenda taratibu, ina vijimstari viwili kulia na kushoto kama mabawa. Nikatetemeka. Nilishaanza kufikiria jina. Yule mzee wa meli alikuwepo, nikamwita. Nilitaka kumwambia kitu hicho kinaitwaje kwa Kiswahili nikakwama kati ya kimondo na nyota, kwa hiyo nikafungua ile kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoanzishwa Yale mwaka 1994 na Martin Benjamin, ambamo wapenzi wa lugha kutoka kila pembe walikuwa wakichangia maneno, miaka kadhaa kabla ya mtu kusikia habari ya Wikipedia. Mzee hakungoja ukurasa ufunguke.

"Nyota mkia," alisema. "Kimondo ni kile kinachopita mara moja. Nyota mkia niliiona mwaka 1986, niko baharini. Hii yako mkia wake uko wapi?"

Haukuwepo. Niliwaandikia watu waliokuwa wakikagua ripoti hizo, kwa Kiingereza changu cha barua ya kuomba kazi, na siku mbili baadaye nikapata jibu la heshima kubwa. Nilikuwa nimegundua Zuhura. Ilikuwa inapita nyuma ya jua mwezi huo, na mabawa yale ni kamera kuelemewa na mwanga wake. Mwandishi alinitia moyo kwamba wengi huanza hivyo. Nilipomsomea mzee, akaniambia si haba, sayari ni kubwa kuliko nyota mkia.

Jambo moja nililijua baadaye sana, na laiti ningelijua wakati ule ningemsimulia. Juni 1998 SOHO ilipotea. Wakati wa kuirekebisha kidogo ilipoteza uelekeo, betri zikaisha chaji, ikanyamaza. Ilitafutwa kwa mwezi mzima. Tarehe 23 Julai dishi la Arecibo, lilelile, lilituma mawimbi ya rada kuelekea pale ilipodhaniwa kuwa, na dishi jingine la Goldstone, California, likapokea mwangwi: ipo, inazunguka polepole, mahali pake. Wakaanza kuiyeyusha mafuta yaliyoganda na kuirudishia uhai kidogokidogo. Nyota mkia zote zile za sebuleni zilizofuata ziko huko kwa sababu dishi la Puerto Rico lilipaza sauti na kurudishiwa mlio mmoja, wa kitu kilichotumwa na sisi wenyewe.

Wa viumbe wengine halikuusikia. Kuna mlio mmoja uliozua maneno mwaka 2004, uliopewa jina refu la SHGb02+14a, ulioonekana mara tatu kutoka upande wa anga kati ya makundi ya nyota ya Hutu na Hamali, karibu kabisa na megahezi 1420. Haukuthibitika kuwa kitu. Watu zaidi ya milioni 5 walishiriki katika mradi ule, na tarehe 31 Machi 2020 Berkeley wakaacha kugawa vipande vipya. Desemba 1 mwaka huohuo jukwaa la tani 900 lililoning'inia juu ya dishi la Arecibo lilikatikiwa na nyaya zake na kulidondokea. Video ipo, nyaya zinakatika, kisha minara, kisha vumbi.

Niliitazama nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, Dar, na nilipofika nyumbani nikaanza kutafuta akaunti yetu. Neno la siri sikuwa nalo, na imeili niliyojiandikishia ilikuwa ya kampuni iliyofungwa zamani. Lakini orodha za zamani bado zinatafutika kwa jina, na jina nililotumia lilikuwa la kafe, ambayo siku hizi ni duka la kava za simu na vocha. Lilikuwepo. Nchi: Tanzania. Vipande vilivyokamilika: 61. Nimepiga picha ya skrini nikamtumia yule dada wa zamu, ambaye sasa yuko Mombasa na ana wajukuu. Akajibu baada ya dakika moja: "61 kwa saa nne asubuhi tu? Bosi angetuachia mpaka adhuhuri."